Kofia ya Waziri na Mawe Yaliyotupwa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, keki yenye jina langu lililokosewa herufi, na ombi kwamba niwaandikie ninachokijua. Saa imeshasimama. Keki ililiwa na watu wa Utumishi ambao hawakuwahi kunisalimia. Limebaki ombi, nami nalitimiza kwa sababu nimeamka mapema hapa nyumbani Mhunze na hakuna kikao.

Sitaandika nilipandishwa lini wala nilikalia kiti kipi. Hayo mtayasikia msibani kwangu, yakisomwa na mtu anayeangalia saa. Nitaandika kuhusu sentensi moja ya sheria iliyonifuata tangu nikiwa wakili mchanga hadi nilipotoka Sekretarieti ya Baraza la Mawaziri. Wengi wenu mmeshaiona. Baadhi yenu, nasikitika kusema, mmeisifia.

Nilianza kazi Kahama, kata ya Nyahanga, kwenye ofisi ya wakili aliyeitwa Mzee Sefu. Babu yake alikuja bara kutoka pwani akifuata biashara ya chumvi, akaoa hapa, akasahau kurudi. Mzee Sefu alivaa kanzu Ijumaa na suti siku nyingine, na aliwatukana watu wa dini zote kwa usawa. Nilifika nimeshika cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Hakuigusa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Nina shahada ya sheria, Mzee."

"Sikuuliza unaumwa nini. Nimeuliza kama unajua kusoma."

Akanipa kitabu cha sheria na rula ya mbao iliyochakaa kingo. Nisimame, niweke rula chini ya mstari, nisome kwa sauti. Nilipomaliza kifungu akauliza, "Nani kanyang'anywa nini?" Nikaanza kumweleza kifungu kinahusu nini. Akanikata. "Kinahusu nini hata jalada linasema. Kila sheria inampa mtu kitu, na kitu hicho kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Mtafute huyo mwingine. Usipomwona, hujasoma."

Baadaye nilipelekwa kusoma ng'ambo, kwenye chuo chenye bustani nzuri sana. Sikumbuki walichoongeza juu ya hapo, ila maneno yao yalikuwa marefu zaidi.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mawe. Geita ilikuwa bado wilaya. Mwanamke mmoja wa kijiji kilicho nje kidogo ya Rwamgasa, Mama Kulwa, alishtakiwa kwa wizi wa magwangala. Kwa wale wenu waliokulia kwenye viyoyozi: magwangala ni mawe ambayo mwenye mgodi ameyatoa ardhini, akayaona hayana dhahabu ya kumtosha, akayamwaga kando. Wanawake huyapitia jiwe kwa jiwe, huchagua, huponda kwa nyundo, hupeleka kwenye karasha yasagwe, kisha huosha unga wake. Wanachopata ni kidogo, lakini kimesomesha watoto wengi kuliko semina zetu.

Mwenye leseni alikuwa amewaacha wafanye hivyo kwa miaka. Alipoona Mama Kulwa ameezeka nyumba yake bati, ghafla akayapenda mawe yake. Kielelezo cha mashtaka kilikuwa kiroba cha mawe, kililetwa mahakamani na askari wawili wakihema. Mzee Sefu alisimama kumhoji mlalamikaji.

"Ulipoyatoa shimoni haya mawe, uliyafanya nini?"

"Niliyatupa."

"Wapi?"

"Hapo hapo, ndani ya eneo langu la leseni."

"Kwa hiyo uliyaacha."

Yule bwana akafikiri. Alikuwa mtu mwenye akili. "Niliyatupa, wakili," akasema, "lakini sikuyaacha."

Mzee Sefu akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, naomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyo. Naogopa kuyagusa."

Mama Kulwa akaachiwa. Nje ya mahakama alimshukuru Mzee Sefu kwa kupiga goti, kisha akanipima mimi kutoka chini hadi juu. "Na wewe, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa nimebeba majalada, mama."

"Umebeba vizuri. Wabeja sana," akanishukuru kwa Kisukuma. Sijapata tathmini ya utendaji iliyo ya kweli kama hiyo tangu siku ile.

Nilivyoingia serikalini ni habari ya tangazo la kazi na usaili, haina utamu. Nitawaeleza chombo chetu cha kazi, yaani waraka. Mnaujua mpangilio wake: tatizo, chaguzi, maoni ya wadau, madhara, mapendekezo. Msichoambiwa ni kwamba wizara nyingi huandika mapendekezo kwanza, halafu maoni ya wadau, halafu huenda kutafuta tatizo. Wadau hupatikana kwa njia ya semina. Nimehudhuria semina nyingi za wachimbaji wadogo, karibu zote Mwanza, kwenye ukumbi unaotazama ziwa, na sikuwahi kumwona mdau mwenye vumbi miguuni. Mdau ni mtu anayefika na mkoba wa semina iliyopita. Hunywa chai, husifu mada, husema muda hautoshi. Anaposema muda hautoshi, huandikwa kuwa ameunga mkono.

Nilikuwa Sekretarieti, kazi yangu ikiwa kuzisoma nyaraka kabla mawaziri hawajaletewa, pale wizara moja ilipoleta mapendekezo ya kurekebisha sheria. Aliyeuandaa waraka ni Mkurugenzi wao wa Sera. Nitamwita Dakta, kwa kuwa ndivyo alivyotaka kuitwa na kila mtu, na nasikia hata mkewe hakusamehewa. Waraka ulikuwa mnene, wenye picha. Ulikuwa na neno "kurasimisha" karibu kila ukurasa. Neno hilo likianza safari ya kwenda kijijini, ficheni kuku.

Sentensi ilikuwa katikati, imekaa kimya kama mwizi kanisani: mabaki yote ya mawe yaliyomo ndani ya eneo la leseni, yawe yamehifadhiwa au yametupwa, yatakuwa mali ya mwenye leseni.

Nilitoa rula. Nikafunga mlango, nikasimama, nikasoma kwa sauti. Yawe yamehifadhiwa au yametupwa. Niliitambua sauti ile. Yule bwana wa "niliyatupa lakini sikuyaacha" alishindwa Geita, na sasa alikuwa amefika Dodoma amevaa tai. Wa kunyang'anywa naye nilimwona bila kusoma mara ya pili, maana nilikuwa nimewahi kumbebea majalada. Sentensi ile ikipita, Mama Kulwa na wanawake wote wa magwangala wangekuwa wezi asubuhi inayofuata, bila kuhama hata hatua moja.

Nikaurudisha waraka. Dakta akaja mwenyewe.

"Mama, waraka wangu umerudi."

"Haukuwa umefika. Hawa wadau waliokubali ni akina nani?"

"Wametajwa humo."

"Nimewasoma. Kuna wenye leseni, kuna chama cha wenye leseni, na kuna benki inayokopesha wenye leseni. Wanaookota hayo mawe wamesemaje?"

"Wale si wadau, Mama. Wale ni wavamizi."

"Sawa. Wavamizi wamesemaje?"

Akavua miwani, ishara kwamba anakuja na hoja nzito. "Kwa heshima zote, Mama unatoka kule. Huoni kama una maslahi?"

"Natoka Mhunze, Dakta. Kwetu kuna pamba, na almasi za watu wengine."

Habari zikamfikia Waziri wake. Waziri huyo alikuwa Mngoni wa Songea, mtu mzima, mwenye kipara na kofia ya pama ya kahawia iliyokifunika kipara hicho kila alipotoka nje. Hakuwa mbaya. Alisaini alivyoletewa, kama wenzake, lakini alikuwa na aibu, na aibu ni sifa adimu kwenye kazi hii. Akasema atakwenda kuwasikia hao akina mama mwenyewe, na akaomba mtu wa Sekretarieti afuatane nao. Nikafuatana nao.

Sasa niwaeleze Dakta alivyojiandaa, maana ndipo mtakapojifunza. Mnajua kwamba mgeni rasmi hapokelewi bila risala. Wananchi huandika shida zao, mmoja wao husoma, mgeni husikiliza na kukunja uso kwa huruma. Ni desturi nzuri. Kasoro yake, kwa macho ya Dakta, ni kwamba risala huandikwa na wananchi. Akairekebisha. Risala ya akina mama wa magwangala iliandikwa Dodoma, kwenye ofisi yenye zulia, ikatumwa kijijini pamoja na turubai na vitambaa vya kupambia. Afisa wa kata akaombwa atafute mama mwenye sauti nzuri wa kuisoma. Akampata. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mwenye karasha zake mwenyewe, na sauti iliyozoea kushindana na karasha hizo. Alikuwa Mama Kulwa.

Tulipofika aliniona, akanijia. "Mwadila, mayu. Bado unabeba majalada?"

"Bado, mama."

"Yameongezeka," akasema, akaenda zake.

Jua lilikuwa kali hata chini ya turubai. Waziri akavua pama, akaiweka kwenye meza ya mbele, juu ya kitambaa, akaanza kujifuta kipara. Mama Kulwa akasimama na risala. Aliisoma vizuri mno. Alipumzika kwenye kila nukta. Alisoma kwamba sisi akina mama tunaunga mkono kwa moyo mkunjufu mawe yote, yawe yamehifadhiwa au yametupwa, yawe mali ya mwenye leseni, tunalaani vitendo vya uvamizi, tunaishukuru wizara kwa maono yake. Dakta alikuwa akitingisha kichwa taratibu, kama mtu anayesikia wimbo alioutunga mwenyewe. Wanawake waliokaa chini walikuwa wakitazamana.

Alipomaliza aliikunja risala, akamwendea Dakta, akampa. "Shika, baba, karatasi yako. Umeandika vizuri, ila jina la kijiji umekosea."

Kicheko kikaanzia nyuma. Kabla hakijafika mbele, Mama Kulwa alikuwa ameshamgeukia Waziri.

"Mheshimiwa, naambiwa wewe ni Mngoni."

"Ni kweli, mama."

"Mngoni wa kuzaliwa au wa kwenye fomu?"

"Wa kuzaliwa."

"Haa! Mtani wangu! Na hawa waliokuzunguka hawakusema. Wameniacha nakuamkia shikamoo kama mtu!"

Hapo mkutano mzima ulipiga kelele, na mimi nikaweka kalamu chini, kwa sababu nilijua kinachokuja hakiandikiki kwenye muhtasari. Wasukuma na Wangoni ni watani. Mababu walipigana, wajukuu wakakubaliana kuchekana. Mtani anaruhusiwa kukutukana hadharani, na anaruhusiwa kuchukua kitu chako mbele yako. Wewe huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kukikomboa, kwa masharti yake. Dakta hakuyajua haya. Alikuwa amesomea ushirikishwaji.

Mama Kulwa akanyoosha mkono, akachukua pama, akaivaa juu ya kilemba chake. Askari mmoja akapiga hatua. Waziri akainua kiganja, askari akasimama.

"Mama, hiyo ni kofia yangu."

"Ilikuwa yako. Hii meza ya nani?"

"Sijui."

"Yangu. Imetoka sebuleni kwangu. Muulize Baba Kulwa, leo amekula mchana sahani iko magotini. Basi kilicho juu ya meza yangu ni changu, kiwe kimewekwa au kimetupwa. Si ndivyo mlivyoandika huko kwenu?"

Vigelegele. Waziri akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akacheka tena kwa kuwa utani unamlazimu. "Lakini mtani, mimi nimeivua tu. Sikuitupa."

"Sikia hilo lalamiko! Sisi mawe yetu wameyatupa mpaka yameota nyasi. Wewe kofia haijapoa jasho, unalia."

"Haya. Niikomboe kwa kitu gani?"

"Kafute hiyo sentensi. Ukifuta, njoo uchukue kofia yako. Na uje na mikono mitupu, usituletee wale panya wenu wa kubanika."

"Afadhali panya, mtani. Nyinyi na michembe yenu, mtu anatafuna viazi vikavu kama anakula mlango!"

Walicheka mpaka turubai likatikisika. Waziri alirudi Geita mjini na kipara kitupu kwenye jua, na mkewe, nilivyosikia, hakuamini maelezo aliyopewa.

Dakta aliandika ripoti ndani ya gari. Ilinifikia Dodoma ikiwa imeambatishwa kwenye waraka ule ule, na sentensi ile ile katikati. Sehemu ya maoni ya wadau ilikuwa imepanuliwa. Ilisema akina mama waliunga mkono mapendekezo kwa kauli moja kupitia risala yao, walimshangilia Mheshimiwa Waziri kwa vigelegele, na walipokea kofia yake kama zawadi. Nilisoma na rula. Pembeni nikaandika: "Zawadi hutolewa. Hii ilichukuliwa." Nikaurudisha tena.

Nawasihi msiamini kwamba maandishi yangu ya pembeni yalisaidia. Niliandika pia maoni ya kisheria yenye kurasa nyingi, na najua hayakusomwa kwa sababu niliyakuta baadaye yakiwa bado na pini. Kilichotokea alinieleza Waziri mwenyewe kwenye ukumbi wa kusubiria, akiwa ameshika kalamu.

"Mama, nilikwenda nyumbani kwenye msiba wa mjomba. Si unajua msiba haukosi watani?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Walikuwepo Wasukuma wanaofanya kazi huko. Sijui nani aliwapigia simu. Nimesimama mbele ya jeneza, natoa salamu za familia, mtu anapiga ukelele kutoka nyuma: mtani, tunakusikia, ila kofia iko wapi? Watu wamecheka, Mama. Mjomba mwenyewe angekuwa hai angecheka." Akafungua waraka, akaikuta sentensi, akaikata kwa mstari mmoja mrefu na kuweka saini pembeni. "Hiyo basi. Nataka kofia yangu."

Yaliyosemwa ndani ya Baraza siyasemi. Kuna kiapo, na hata bila kiapo hakuna mtu angepoteza usingizi kwa kuyakosa. Rekebisho lilipita bila sentensi ile. Utafiti, semina, maoni yenye pini, vyote havikufua dafu. Ilifutwa kwa sababu mzee mmoja alichekwa msibani. Dakta, kwa upande wake, alialikwa nchi mbili tatu kueleza jinsi ya kushirikisha wananchi. Nasikia ana picha ya Mama Kulwa amevaa pama, na anaionyesha mwishoni, watu wanapiga makofi.

Laiti ningeishia hapo. Lakini Waziri yule alihamishwa, na Dakta hakuhamishwa, kwa sababu watu kama Dakta hawahamishwi. Katika wiki zangu za mwisho ofisini ililetwa kwenu rasimu ya mwongozo kutoka kwake, ili mtoe maoni kabla haujaanza kutumika. Mwongozo haupiti Baraza na haupiti Bunge. Unapita kama moshi, chini ya mlango. Huu unahusu utunzaji wa mazingira migodini, nani apinge mazingira? Sentensi iko kwenye kiambatisho cha mwisho. Wamebadilisha "mali" ikawa "chini ya uangalizi", na pale palipoandikwa "yametupwa" sasa pameandikwa "yametelekezwa kwa muda". Mmoja wenu aliniandikia kwamba rasimu imekaa vizuri. Sikumjibu, nikaona nistaafu kwanza.

Mwezi uliopita nilikwenda Rwamgasa, safari hii bila jalada. Nilimkuta Mama Kulwa kwenye karasha zake, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, pama kichwani. Kofia ile sasa haina tena rangi ya kahawia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mikono mitupu leo! Wamekufukuza?"

"Nimestaafu. Kumbe mtani wako hajaja kukomboa kofia?"

"Alituma mtu. Kijana mzuri, na gari, na salamu. Akasema bosi wake amefuta, nimpe."

"Na kweli alifuta. Mbona hukumpa?"

Alizima karasha ili asikike vizuri. "Nilimwambia, kamwambie mtani nimeshukuru sana, ila asubiri kidogo. Wale waliotupa mawe bado hawajayaacha." Nikamwambia kuna rasimu nyingine. "Ehe," akasema. "Kumbe sikukosea." Akawasha karasha.

Rasimu iko mezani kwenu. Rula ya Mzee Sefu niliiacha kwenye droo ya meza ya dirishani, niliyokuwa nafanyia kazi. Fungeni mlango, simameni, someni kiambatisho cha mwisho kwa sauti. Nimeulizia pia kuhusu Waziri wa sasa. Si Mngoni, wala kabila lake halina utani na Wasukuma. Kwa hiyo safari hii hakuna wa kuwasaidia, kazi itabidi muifanye wenyewe.